Filamu za watu weusi zastahili kupewa nafasi shuleni

Katika shule nyingi za bweni humu nchini, Jumamosi jioni huwa ni wakati wa filamu. Wanafunzi hujazana katika ukumbi wa mlo, taa zikazimwa, na kwa muda wa saa mbili hesabu na sayansi zikasahaulika. La kushangaza ni kwamba shule ileile ambayo hujadili kwa majuma kadha kitabu gani kinunuliwe kwa ajili ya maktaba haijiulizi hata kwa dakika mbili ni filamu gani ionyeshwe. Huonyeshwa ile iliyopatikana, na mara nyingi iliyopatikana ni ya ngumi na bunduki kutoka ng'ambo. Mwalimu wa zamu huketi nyuma akisahihisha madaftari, akiamini kwamba hayo ni maburudisho matupu, hayana funzo jema wala baya.

Imani hiyo haina msingi. Filamu hufunza, na hufunza zaidi kwa kuwa anayeitazama hajui kwamba anafunzwa. Kwa sababu hiyo, ningependa kuwapendekezea walimu na wanafunzi filamu chache zilizotengenezwa na watu weusi, wa bara hili na wa ng'ambo, na kueleza kwa nini zina umuhimu.

Watu wengi wanaozisifu filamu hizi husema kwamba tuzitazame ili tuone nyuso zinazofanana na zetu. Hoja hiyo ni ya kweli lakini haitoshi. Uso mweusi umekuwa ukionekana katika sinema tangu zamani, ukibeba mizigo ya wawindaji, ukipiga ngoma usiku, ukikimbia risasi. Kilichokosekana ni sauti. Mtu mweusi alionyeshwa, lakini hakusema. Au alisema maneno aliyowekewa kinywani na wengine. Nikiitazama historia hii kwa jicho la mwanaisimu, naona kwamba jambo kubwa zaidi walilolifanya watengenezaji filamu weusi ni kumrudishia mtu mweusi ulimi wake. Hilo ndilo funzo ambalo shule zetu zinalihitaji leo.

Historia yenyewe haiko mbali nasi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza waliendesha mradi wa majaribio wa filamu za kuwaelimisha Waafrika. Walitengeneza filamu 35 hivi kuhusu mambo kama kilimo, afya na kuweka akiba katika benki ya posta. Filamu hizo zilitembezwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na maelezo yake yalitiwa katika santuri kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kwa hivyo Kiswahili kilisikika katika sinema mapema sana. Lakini ni nani aliyekuwa akisema? Mwafrika alionekana akilima, na sauti nyingine ikamweleza namna ya kulima. Lugha ilikuwa yake, fikira hazikuwa zake.

Baadaye, mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda kitengo maalumu cha filamu za makoloni. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, na kwamba hana budi kutengenezewa filamu za polepole na nyepesi. Katika makoloni ya Ufaransa hali ilikuwa ngumu zaidi. Amri ya mwaka 1934, inayojulikana kwa jina la waziri Pierre Laval, ilimzuia mtu kupiga filamu huko bila idhini ya wakuu wa serikali. Paulin Vieyra na wenzake walipotaka kutengeneza filamu mwaka 1955 iliwabidi waipige Paris, nayo wakaiita 'Afrique-sur-Seine'. Mwafrika alikuwa huru kuwapiga picha Wazungu kwao, lakini si kuwapiga picha mama zake nyumbani.

Huo ndio ulimwengu aliouingia Ousmane Sembène wa Senegal, na ye yote anayetaka kuzielewa filamu za Kiafrika hana budi kuanzia kwake. Sembène alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa Ziguinchor. Hakuwa msomi wa chuo kikuu. Alifanya kazi ya kuli katika bandari ya Marseille, akajisomea, akawa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa. Riwaya zake zilisifiwa sana, lakini aliporudi kwao alitambua kwamba kuli mwenzake, mvuvi na muuza samaki hawawezi kuzisoma. Ndipo alipokwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu hali umri wake ulikuwa umekaribia miaka 40. Alizoea kuiita sinema shule ya jioni ya watu wake. Walimu wenzangu na walizingatie neno hilo: si kilabu ya jioni, bali shule.

Filamu yake ya mwaka 1966, 'La Noire de...', inahusu msichana aitwaye Diouana, ambaye anachukuliwa kutoka Dakar kwenda Antibes, kusini mwa Ufaransa, kuwa mtumishi wa nyumbani. Mbele ya mabwana zake hasemi zaidi ya kuitikia. Mtazamaji huyasikia mawazo yake ya ndani, na humo ndimo mna hekima yote ya filamu. Lakini mawazo hayo yanasikika kwa Kifaransa, na sauti yenyewe si ya mwigizaji Mbissine Thérèse Diop tunayemwona, bali ni ya Toto Bissainthe, mwimbaji wa kutoka Haiti. Tazama kinaya kilichopo: msichana anayedhulumiwa kwa Kifaransa analia moyoni mwake kwa Kifaransa. Hata katika filamu ya kumtetea, Mwafrika alikuwa bado amekopa ulimi.

Miaka miwili baadaye Sembène aliukata mnyororo huo. Filamu yake 'Mandabi' ya mwaka 1968 huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa katika lugha ya Kiafrika na Mwafrika mwenyewe. Lugha hiyo ni Kiwolofu. Fedha zilitoka Ufaransa, na kwa hivyo alipiga pia toleo la Kifaransa. Lakini lililobaki mioyoni mwa watu ni la Kiwolofu. Mwaka huohuo ilitunukiwa zawadi katika tamasha la Venice, wala hakuna jaji aliyeikataa kwa kuwa hajui Kiwolofu.

Kisa chake ni chepesi na kinachoma. Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi, mwenye wake wawili na watoto saba, anapokea hawala ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara huko Paris. Sehemu kubwa ya fedha hizo si yake, anatakiwa kuziweka. Anakwenda posta, anaambiwa alete kitambulisho. Anakwenda kutafuta kitambulisho, anaambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Anatafuta cheti, anaulizwa alizaliwa tarehe gani. Kila dirisha linataka karatasi, kila karatasi inataka fedha, na kila karani anasema Kifaransa. Mzee huyu mtaani ni mtu wa heshima, mwenye maneno mazito. Afikapo ofisini anakuwa mtoto. Hatimaye anayemmaliza si Mfaransa, bali ni jamaa yake mwenyewe aliyesoma, ambaye anajitolea kumchukulia fedha hizo, kisha anamwambia ameibiwa na kumpa gunia la mchele.

Jina la filamu lenyewe ni somo la isimu. 'Mandat' ni neno la Kifaransa. 'Bi' ni kiungo cha Kiwolofu kinachoonyesha kitu mahususi. Wawolofu wamelichukua neno la ofisi, wakalivika vazi lao, kama sisi tulivyofanya kwa 'dereva' na 'hospitali'. Neno limekuwa lao, lakini hawala yenyewe haikuwa yao. Mwalimu akishawaonyesha wanafunzi filamu hii, na awaulize swali moja tu: je, hapa kwetu, ambapo Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, ni akina Dieng wangapi wanaosimama mbele ya dirisha la ofisi au kizimbani wakiwa hawajui linalosemwa juu yao?

Msomaji anaweza kudhani kwamba vita vya lugha katika sinema ni vita baina ya Mwafrika na mkoloni peke yao. Sivyo. Mwaka 1977 Sembène alitoa filamu iitwayo 'Ceddo', kuhusu watu waliokataa kuacha imani na mila za wazee wao. Serikali ya Rais Léopold Sédar Senghor ikaipiga marufuku, na sababu iliyotolewa hadharani ni tahajia! Serikali ilisema kwamba kwa kanuni zake za kuandika Kiwolofu neno hilo lina 'd' moja. Sembène akashikilia mbili. Watu wengi waliamini kwamba kilichowaudhi wakuu ni maudhui ya filamu wala si herufi, na filamu haikuruhusiwa nchini wakati wote wa utawala wa Senghor. Lakini Sembène hakuwa mtu wa kubahatisha katika jambo hilo. Mwaka 1971 yeye na mwanaisimu Pathé Diagne walikuwa wameanzisha 'Kaddu', gazeti lililoandikwa kwa Kiwolofu. Alijua kwamba anayemiliki tahajia ya lugha yako amepata mlango wa kuingilia nyumbani mwako. Wanafunzi wanaonung'unika kwamba sarufi haina maana wangefaa kusimuliwa kisa hiki.

Mlango aliofungua Sembène waliupitia wengi. Souleymane Cissé wa Mali, aliyefariki Februari 2025, alitumia Kibambara katika filamu yake 'Den Muso' ya mwaka 1975, na mhusika wake mkuu ni msichana bubu, asiyeweza hata kuwaeleza wazazi wake uovu aliotendewa. Mwaka 1987 'Yeelen', yaani mwangaza, ilimpatia Cissé zawadi ya majaji huko Cannes. Ni kisa cha kijana Nianankoro anayewindwa na baba yake mwenye nguvu za uganga, nacho kimesimuliwa bila kumsimamisha mgeni kumweleza kila ishara. Mwalimu wa fasihi simulizi hatapata mfano bora wa utendi ulio katika picha.

Kwa wanafunzi wachanga zaidi napendekeza 'Yaaba', iliyotengenezwa mwaka 1989 na Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso katika lugha ya Kimoore. Watoto wawili, Bila na Nopoko, wanafanya urafiki na ajuza aitwaye Sana, ambaye kijiji kizima kimemtenga kwa kumwita mchawi. Bila anamwita 'yaaba', yaani nyanya. Neno moja tu la ukoo, nalo linamrudisha mzee huyo katika ubinadamu ambao neno jingine lilikuwa limemtoa. Sisi ambao tumewahi kusoma mara kwa mara habari za wazee waliouawa Kilifi na Kisii kwa kusingiziwa uchawi hatuwezi kusema kwamba kisa hiki ni cha Burkina Faso pekee. Mkutano wa hadhara unaweza kumfundisha mtoto kwamba kuua ni haramu. Filamu kama hii humfanya aone haya kumwita mzee wa watu mchawi.

Ng'ambo ya bahari nako kuna weusi walionyang'anywa zaidi ya ardhi. Watumwa waliopelekwa Marekani walitenganishwa makusudi na waliosema lugha moja nao, hata watoto wao wakakua bila ya lugha za mababu. Hata hivyo, katika visiwa vilivyo kando ya pwani ya South Carolina na Georgia, wazao wa watumwa waliunda lugha yao inayoitwa Kigullah. Kwa muda mrefu wasomi waliidharau, wakasema ni Kiingereza kilichovunjika. Mwanaisimu mweusi Lorenzo Dow Turner ndiye aliyewanyamazisha kwa kitabu alichotoa mwaka 1949, ambamo alionyesha maelfu ya maneno na majina ya Kigullah yenye asili ya Kiafrika, mengi yakiwa ya lugha za Kibantu. Hata 'goober', neno la njugu linalojulikana kusini mwa Marekani, linatokana na 'nguba' la Kikongo.

Mwaka 1991 Julie Dash alitengeneza filamu kuhusu watu hao, 'Daughters of the Dust', nayo ikawa filamu ndefu ya kwanza ya mwanamke Mmarekani mweusi kusambazwa katika majumba ya sinema kote nchini humo. Ni mwaka 1902. Ukoo wa Peazant unajiandaa kuhama kisiwani kwenda kaskazini, na bibi mkuu wa ukoo, Nana, anakataa kwenda. Yumo pia mzee Bilal Muhammad, anayeswali ufukweni kwa dini aliyokuja nayo kutoka Afrika. Wahusika husema Kigullah, na Dash hakukubali kuwatilia tafsiri chini ya picha. Watazamaji wengine walilalamika kwamba hawaelewi. Nadhani hilo ndilo alilolikusudia: kwa mara moja, mgeni ndiye aliyetakiwa kutega sikio. Wanafunzi wanaoipenda kanda ya Beyoncé iitwayo 'Lemonade', ya mwaka 2016, wataona humu wanawake waliovaa magauni meupe ufukweni, na watajua picha zile zilitoka wapi.

Katika filamu hiyo ya Dash, mhusika aitwaye Yellow Mary aliigizwa na mwanamke aliyejulikana kwa jina la Barbara-O. Miaka kumi baadaye, mwaka 2001, mwigizaji huyohuyo alionekana katika filamu ya Tanzania, 'Maangamizi', iliyoongozwa na Martin Mhando pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill. Humu yeye ni daktari mweusi kutoka Marekani anayekuja kuwatibu wagonjwa wa akili Tanzania. Mmoja wao ni Samehe, mwanamke ambaye amekaa miaka mingi bila kutamka neno. Aliyemwigiza ni Amandina Lihamba, profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye wapenzi wa tamthilia za Kiswahili wanamjua vyema. Daktari anajaribu utaalamu wake wote, lakini kinachomfungua Samehe ulimi ni mizimu ya wazee, na katika kumponya mgonjwa, daktari naye anaanza kujiuliza yeye ni nani.

Msomaji ameanza kuona kamba inayoziunganisha filamu hizi. Diouana anawaza kwa lugha ya bwana wake. Dieng ananyamazishwa na karani. Msichana wa 'Den Muso' ni bubu. Samehe amegoma kusema. Wasanii hawa hawakukaa kikao kimoja, na wengine hawakujuana. Lakini kila mmoja alipotaka kueleza msiba wa mtu mweusi, aliukuta umekaa katika kinywa.

Je, hapa kwetu Kenya? Nitataja mbili. Ya kwanza ni 'Nairobi Half Life' ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Tosh Gitonga, ambayo ndiyo filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Kijana Mwas anauza kanda za filamu za Marekani kijijini kwa kuwaigizia wateja wake visa vilivyomo, kisha anakuja Nairobi kutafuta uigizaji na anaangukia katika kundi la wezi. Nyumbani kuna lugha ya nyumbani, mjini kuna Sheng', na jukwaani kuna Kiingereza. Mwalimu wa Kidato cha Nne anayehangaika kufundisha isimujamii, sajili na kuchanganya ndimi, amewekewa hapa darasa zima. Badala ya kukariri sifa za sajili kutoka kitabuni, wanafunzi na waulizwe: ni kwa nini Mwas amebadilisha lugha hapa? Ameona nani? Anaogopa nini? Nawakumbusha tu kwamba filamu hii ina matusi na umwagaji wa damu, na mwalimu hana budi kuitazama kwanza na kuangalia Bodi ya Uainishaji wa Filamu imeiweka katika daraja gani.

Ya pili haina pingamizi hilo. 'Supa Modo' ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, inamhusu Jo, mtoto wa miaka tisa ambaye ugonjwa wake hauna tiba. Anapenda mno filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake anamtoa hospitalini ili aishi siku zake zilizobaki nyumbani, na dada yake pamoja na wanakijiji wanaungana kumtengenezea filamu ambayo yeye mwenyewe ndiye shujaa. Hawana vifaa, hawana ujuzi, wana mtoto wao tu. Sijaona maelezo mazuri kuliko haya ya kwa nini jamii hutengeneza filamu: mtoto aliyezoea kuwaona mashujaa wa mbali anahitaji, kabla hajafa, kumwona shujaa anayesema kama mamake.

Nazijua hoja za wanaopinga. Hoja ya kwanza ni ya soko: kwamba filamu ya lugha ya Kiafrika haiuziki, na kwamba anayetaka kusikika duniani na aseme Kiingereza. Ushahidi hauafiki. Filamu iliyowasha moto wa biashara ya filamu za Nigeria, 'Living in Bondage' ya mwaka 1992, ilisema Kiigbo. Kiingereza kilikuja baadaye, moto ulipokwisha kushika. Hapa kwetu, vichekesho vya Kikuyu vilivyouzwa River Road vilinunuliwa na watu ambao hawajaingia katika jumba la sinema maishani mwao. Na umaarufu wa DJ Afro, ambaye huzisimulia filamu za ng'ambo kwa Kiswahili cha mtaani, unathibitisha jambo ambalo wenye fedha hawataki kuliona: Mkenya yuko tayari kulipa ili asikie lugha yake, hata kama midomo inayoonekana inasema Kichina.

Hoja ya pili husema kwamba hata filamu kubwa za Marekani siku hizi zinazienzi lugha zetu. Ni kweli kwamba katika 'Black Panther' ya mwaka 2018, ya mwongozaji mweusi Ryan Coogler, wahusika husikika wakisema Kixhosa, na mimi simnyimi sifa yake. Aliwapa vijana weusi kote duniani sababu ya kutembea kifua mbele. Lakini Kixhosa kile ni cha vipande vipande. Mambo mazito, ya vita, mapenzi na utawala, yanaamuliwa kwa Kiingereza. Kiswahili nacho kilitumiwa kama pambo katika 'The Lion King' ya mwaka 1994, ambamo mnyama anaitwa Simba na mwingine Rafiki; na kampuni ya Disney ikafikia hatua ya kuyasajili maneno 'hakuna matata' kuwa alama yake ya biashara mwaka 2003. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Kuna tofauti kubwa kati ya lugha inayovaliwa kama shanga na lugha inayotumiwa kufikiria.

Hoja ya tatu, ambayo wanafunzi wenyewe huitoa, ni kwamba hawatakielewa Kiwolofu wala Kibambara. Jibu ni kwamba filamu nyingi kati ya hizi zina tafsiri iliyoandikwa chini ya picha, na kusoma tafsiri hiyo ni zoezi zuri. Zaidi ya hayo, kijana anayeketi saa nzima akisikiliza Kimoore anagundua jambo ambalo hakuna hotuba inayoweza kumwingizia: kwamba Kimoore kinaweza kubeba hasira, dhihaka, mahaba na falsafa. Akitoka hapo atakiangalia Kiswahili chake, na lugha ya nyanya yake pia, kwa macho mengine. Mwanafunzi wa Kenya amefunzwa tangu utotoni kwamba lugha ya mama ni ya kuchekeshea na Kiswahili ni cha sokoni na cha mtihani. Yapo maeneo ambako watoto waliwahi kuvishwa kibandiko cha aibu kwa kusema lugha ya nyumbani. Kidonda hicho hakitibiwi kwa kumwambia mtoto 'ipende lugha yako'. Hutibiwa kwa kumwonyesha lugha hiyo ikifanya kazi ya heshima.

Ni nini basi kifanywe? Kwanza, kila shule na iunde kamati ndogo ya walimu na wanafunzi ya kuchagua filamu, kama ilivyo na kamati ya maktaba, na angalau Jumamosi moja kwa mwezi itengewe filamu ya mtengenezaji mweusi. Pili, filamu isiishie taa zinapowashwa. Itengwe nusu saa ya mjadala, na mjadala huo uwe kwa Kiswahili. Tatu, walimu wanaotayarisha vikundi kwa ajili ya tamasha la kitaifa la maigizo na filamu wawatie moyo wanafunzi kutunga kwa Kiswahili na kwa lugha zao, wala wasidhani kwamba Kiingereza ndicho kitakachowapendeza majaji. Nne, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala na iteue filamu chache za Kiafrika zisomwe sambamba na tamthilia na riwaya. Tunawasomesha watoto tamthilia ambazo wengi wao hawataziona jukwaani, huku tukiiacha filamu, ambayo wanaiona kila wiki, iwafunze ipendavyo.

Tano, na hili ndilo gumu, nchi haina budi kutoa fedha. 'Nairobi Half Life' na 'Supa Modo' zilipatikana kwa msaada wa mradi wa Wajerumani. Tunawashukuru. Lakini Sembène alituonyesha mapema kwamba mwenye kutoa fedha huweza pia kutaka neno lake lisikike, na aliyelazimishwa kupiga filamu moja mara mbili kwa lugha mbili aliyajua maumivu ya jambo hilo. Husemwa kwamba mcheza kwao hutuzwa. Vijana wetu wamecheza vizuri, nao wametuzwa Berlin na Durban kabla ya kutuzwa kwao.

Mwalimu asiyeweza kungojea wizara wala hazina anaweza kuanza Jumamosi ijayo. Atahitaji filamu moja, kioo cha televisheni, na swali la kuwauliza wanafunzi mara tu taa zitakapowashwa: katika filamu hii, ni nani aliyesema, alisema kwa lugha gani, na ni nani aliyenyamazishwa?